Jinsi ya kutunga englyn ya Kiwelisi na kuiandikia maelezo ya utafiti

Mwanafunzi wa lugha za Kikelti akipewa kazi ya ubunifu yenye maelezo ya utafiti, mara nyingi hukimbilia shairi huru, kisha hukaa mbele ya karatasi akitafuta la kueleza. Englyn, shairi fupi la Kiwelisi, humwondolea shida hiyo. Ina silabi 30, mishororo 4 na kina kimoja, na karibu kila konsonanti ina kazi unayoweza kuitetea. Maelezo yenyewe hutoka kwenye mishororo uliyoikataa na sababu za kuikataa. Kwa hiyo chukua daftari la karatasi, andika tarehe juu ya kila ukurasa, na usifute kitu. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya maneno ili yaendelee kusomeka.

Mwongozo huu unahusu englyn unodl union, ambayo ndiyo inayokusudiwa mtu akitaja englyn bila kufafanua. Istilahi za Kiwelisi tumeziacha kwa tahajia yake, kwa kuwa ndizo utakazozikuta kwenye kamusi na vitabu. Englyn husomeka karibu na «eng'lin», wingi wake englynion.

Zoeza sikio kwanza

Msemaji wa Kiswahili haanzi mikono mitupu. Dd ya Kiwelisi ni dh ya «dhahabu», th ni ileile ya «thamani», ch ni kh kama inavyotamkwa na wanaoitamka sawasawa katika «kheri», na ng mara nyingi ni ng' ya «ng'ombe». C ni k siku zote. F moja ni v, ff mbili ndiyo f yetu. W ikisimama kama irabu ni u: cwm, bonde, ni «kum». Mageni hasa ni ll na rh. Kwa ll, weka ulimi kama unataka kusema l, kisha puliza hewa pembeni bila sauti.

Zaidi ya hapo, mkazo wa neno la Kiwelisi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Hilo litakuokoa sana huko mbele, maana utungaji huu wote umejengwa juu ya mahali pa mkazo.

Tofauti inayowaangusha wengi iko kwenye kina. Kina cha shairi la Kiswahili hushika konsonanti pamoja na irabu yake: «pwani» na «jani» zinapatana kwa -ni. Kiwelisi hushika irabu ya silabi ya mwisho na kinachoifuata tu, kwa hiyo tân na glân ni vina, na bod hupatana na hynod ingawa moja lina mkazo mwishoni na lingine halina.

Kuhesabu silabi kuna mitego mitatu. W ya gwlad na gwraig haihesabiwi, yote mawili ni silabi moja moja. I ya gweithio nayo ni konsonanti, kwa hiyo neno lina silabi 2. Na llyfr, kitabu, huhesabiwa silabi 1 hata ukisikia watu wakitamka «llyfyr» mtaani. Mtego wa tatu ndio huzalisha mishororo yenye silabi moja ya ziada.

Kiunzi cha silabi 30

Mishororo ina silabi 10, 6, 7 na 7. Miwili ya kwanza huitwa paladr, yaani mpini wa mkuki. Miwili ya mwisho ni esgyll, mabawa. Kina kikuu hakiko mwisho wa mshororo wa kwanza. Kiko kwenye silabi ya 7, 8 au 9, kisha unawekwa mstari mdogo wa mlalo, na baada yake silabi zinazobaki, ambazo huitwa gair cyrch. Hizi hazifuati kina. Kazi yake ni kuungana kwa konsonanti na mwanzo wa mshororo wa pili.

Tazama kiungo hiki:

… – ger y bryn,
Gŵr a brynodd ddefaid

«Karibu na kilima, mtu aliyenunua kondoo.» Ger y bryn ina g, r, b, r, kisha mkazo, kisha n. Gŵr a brynodd ina g, r, b, r, kisha mkazo, kisha n. Vimekutana barabara, na ddefaid limebaki huru kubeba kina kikuu, -aid. Mshororo wa pili una silabi 6 na neno lake la mwisho halina mkazo kwenye silabi ya mwisho, ndivyo inavyotakiwa.

Katika mabawa, mshororo mmoja uishie kwenye silabi yenye mkazo na mwingine kwenye silabi isiyo na mkazo. Upi uanze ni hiari yako.

Cynghanedd: aina nne

Cynghanedd (karibu na «kang'hanedh») ni upatanisho wa sauti ndani ya mshororo mmoja. Bahari 24 za ushairi huu zilipangwa katika karne ya 14, kazi inayohusishwa na Einion Offeiriad, zikarekebishwa na Dafydd ab Edmwnd katika karne ya 15. Kanuni zinazofuatwa leo ziliandikwa kwa urefu na John Morris-Jones katika Cerdd Dafod, 1925. Ukihitaji marejeo ya kanuni, hicho ndicho kitabu cha kutajwa kwenye maelezo yako, ila usijaribu kujifunzia humo. Ni kama kujifunza kuogelea kwa kusoma ramani ya bahari.

Groes. Mshororo hugawanyika mara mbili, na konsonanti zote za nusu ya kwanza hujibiwa kwa mpangilio uleule katika nusu ya pili:

Tŷ ar y bryn tra bo'r haul

«Nyumba kilimani maadamu jua lipo.» Ziandike juu na chini:

t – r – b – r (mkazo) n
t – r – b – r (mkazo) l

H ya haul haihesabiwi. H inaruhusiwa kupita bila jibu. Irabu hazina neno hapa, ndiyo maana br zilizoshikana katika bryn zinajibiwa na b na r zilizotengwa na o katika bo'r. Konsonanti inayofuata mkazo, n upande mmoja na l upande wa pili, haihitaji kufanana kwa sababu nusu zote mbili zinaishia kwenye silabi yenye mkazo. Tena ni lazima zitofautiane, kama tutakavyoona kwenye makosa.

Draws. Ni kama groes, lakini katikati kuna konsonanti zinazorukwa bila kujibiwa:

Ar fryn, dan gwmwl, rhyw fro

«Juu ya kilima, chini ya wingu, nchi fulani.» R, f, r za mwanzo zinajibiwa na r, f, r za mwisho. Dan gwmwl ni daraja unalopita juu yake. Anayeanza aanze na draws, kwa kuwa inamwachia nafasi ya kusema jambo.

Sain. Sehemu tatu: ya kwanza na ya pili zinapatana kwa kina, ya pili na ya tatu kwa konsonanti.

Fe welaf dân glân a glo

«Nauona moto safi na makaa.» Dân na glân ni kina, glân na glo zinashirikiana gl.

Lusg. Mwisho wa neno la katikati hupatana na silabi ya pili kutoka mwisho ya neno la mwisho:

Daeth yr haf i'r hen afon

«Kiangazi kimefika kwenye mto wa kale.» Haf imo ndani ya afon. Lusg ndiyo nyepesi kuliko zote na kwa hiyo ina mipaka: neno la mwisho lazima liwe na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hairuhusiwi kwenye mshororo wa nne wa englyn. Tumeona wanafunzi wakijenga englyn nzima kuelekea lusg nzuri ya mwisho, kisha kuibomoa yote.

Kutunga: anza mwisho

Chagua kitu kimoja kinachoshikika. Ndoo, lango, koti la baba. Mada kama «amani» au «lugha yangu» zinakula silabi 30 kabla hujasema lolote.

Andika orodha ya maneno 30 hadi 40 yanayohusu kitu hicho, na mbele ya kila neno andika konsonanti zake na mahali pa mkazo: bryn = br´n, brenin = br´n, barnu = b´rn. Orodha hii ndiyo karakana yako. Utaona yenyewe kwamba bryn na brenin ni ndugu.

Sasa tunga mshororo wa nne, si wa kwanza. Ndio wenye uzito wa hoja na ndio unaoweka kina. Ukiupata, angalia kama kina hicho kina maneno ya kutosha: unahitaji mengine matatu, na angalau moja katika mabawa liwe kinyume cha mkazo wa neno la mwisho. Kamusi ya vina inayotumika ni Odliadur ya Roy Stephens. Ukikuta kina chako kina maneno matano tu, na mawili ni majina ya samaki, badilisha mapema.

Baada ya hapo tunga wa tatu, kisha gair cyrch na mshororo wa pili kwa pamoja, maana haviachani. Mwanzo wa mshororo wa kwanza uwe wa mwisho kuandikwa. Hapo sain na lusg zote zinaruhusiwa.

Kila jaribio lipitie treiglad, yaani mageuzi ya konsonanti ya mwanzo wa neno. Cwmwl likitanguliwa na dan huwa gwmwl. Bro baada ya rhyw huwa fro. Tân likiwa kitendwa cha welaf huwa dân. G hutoweka kabisa: gwelaf baada ya fe huwa welaf. Mtunzi anayesahau jambo hili hupata mshororo unaolingana kikamilifu kwenye daftari na usiokuwepo katika lugha. Programu za kutafsiri usizitegemee hapa, na kwenye kamusi tafuta umbo la msingi: kutafuta gwmwl ni sawa na mgeni kutafuta «ndimi» asiyejua kwamba neno ni «ulimi». Geiriadur Prifysgol Cymru, kamusi kuu ya kihistoria, inasomwa bure mtandaoni. Kumbuka kwamba ch, dd, ff, ng, ll, ph, rh na th ni herufi kamili zenye nafasi zake: chwaer haiko kwenye c, na ng hufuata g.

Yanayoharibika na kwa nini

Trwm ac ysgafn ndiyo kosa la kwanza kwa wasiozaliwa na lugha. Hen ina irabu ndefu, pen ina fupi. Dyn ni ndefu, gwyn ni fupi. Kwa macho ni vina, kwa sikio sivyo. Maandishi hayakusaidii, kwa kuwa alama ya paa (^) haiwekwi kila mahali. Dawa ni kusikiliza: tafuta rekodi ya neno, au msomee mtu anayejua asikie.

Karibu na hilo ni lleddf a thalgron. Katika gwyn, w ni konsonanti na y ndiyo irabu. Katika cwyn, w na y ni irabu mbili zilizoungana na uzito uko kwenye w. Haziwezi kuwa vina.

Crych a llyfn hutokea pale konsonanti zote zipo ila mkazo umeingia mahali pengine. Bryn na barnu zote zina b, r, n. Lakini br´n si b´rn. Anayehesabu konsonanti bila kuweka alama ya mkazo hatalikamata kosa hili hata asome mara ishirini.

Proest i'r odl: nusu mbili zinaishia konsonanti ileile baada ya irabu tofauti. Ukiweka bryn katikati ya mshororo wa groes na pen mwisho, n mbili zinagongana na mshororo unasikika kama kina kilichokosewa. Ndiyo sababu tra bo'r haul inafaa pale juu.

Twyll gynghanedd ni konsonanti iliyoachwa bila jibu. Kabla ya kukata tamaa, angalia ruhusa: h haihesabiwi, na n ya mwanzo wa mshororo inaweza kusamehewa. Angalia pia konsonanti zinazogandana. B mbili zikikutana husikika p, d mbili t, g mbili c. Mab bach hutamkwa kama «mapach», kwa hiyo jibu lake ni p, si b mbili. Wapo wanaoona huu ni uchawi. Ni fonetiki tu, na ni aya nzuri sana ya kuweka kwenye maelezo ya utafiti.

Utafiti unaofaa kusindikiza englyn

Usichague «historia ya cynghanedd». Chagua swali linalojibika kwa englynion 20. Tunalipenda hili: je, englynion za makaburini zinategemea aina gani za cynghanedd, na mshororo wa mwisho unafanyaje kazi? Kuandika englyn kwenye jiwe la kaburi ni desturi ya Welisi iliyoenea, hasa kwenye viwanja vya makanisa, na mawe ya sleti ya kaskazini hutunza herufi vizuri kuliko mawe ya mchanga.

Ukiwa kaburini, piga picha jua likiwa chini, asubuhi au jioni, au mulika tochi kutoka pembeni ili kivuli kiingie kwenye herufi. Usisugue jiwe, usipake chaki, usitumie brashi ya waya. Piga picha ya jiwe zima, kisha ya beti peke yake, na ziandikie majina ya faili palepale. Nakili kama ilivyochongwa, pamoja na makosa, halafu andika nakala ya pili uliyoipanga. Fundi hukata mishororo kufuata upana wa jiwe, kwa hiyo mishororo minne inaweza kuonekana sita au minane. Kilichochongwa kipekee katikati mara nyingi ndicho gair cyrch. Majina ya marehemu wa karibuni yaache nje ya kazi yako. Mahali na mwaka vinatosha.

Usipoweza kufika Welisi, Maktaba ya Taifa iliyoko Aberystwyth imeweka mtandaoni bure magazeti ya zamani hadi 1919, na humo mna beti za rambirambi na ripoti za eisteddfod (tamasha la mashindano ya ushairi na sanaa) za vijijini pamoja na maoni ya waamuzi. Tafuta kwa umbo la msingi na kwa umbo lililogeuka: beddargraff (maandishi ya kaburini), kisha feddargraff. Jaribu pia tahajia za zamani, kwa sababu tahajia ya sasa ilipangwa rasmi mwaka 1928. Mashine iliyosoma kurasa hizo huchanganya herufi, kwa hiyo kila beti ihakiki kwa picha ya ukurasa wenyewe.

Kwenye jedwali, kila englyn iwe na safu nne: sehemu ya mshororo wa kwanza hadi kina kikuu, kiungo cha gair cyrch, mshororo wa tatu, mshororo wa nne. Mshororo wa pili usiuhesabu peke yake, maana kazi yake imo ndani ya kiungo. Englynion 20 zitakupa vipande 80. Kwa kila kimoja andika aina, mahali pa mkazo na kosa kama lipo. Toa hesabu kamili («31 kati ya 80») badala ya asilimia, kwani asilimia za sampuli ndogo hudanganya. Ukikuta lusg kwenye mshororo wa nne, usiharakishe kutangaza kosa la mtunzi. Soma picha tena kwanza.

Maelezo na kuwasilisha

Kwa maelezo ya maneno 1,500, mgao unaofanya kazi ni huu: maneno 300 ya swali na vyanzo, 400 ya matokeo ya jedwali, na 800 ya maamuzi uliyofanya kwenye englyn yako. Hayo 800 ndiyo yanayosomwa kwa makini. Chukua mishororo mitatu iliyokataliwa, weka konsonanti zake juu na chini kama tulivyofanya, taja kosa kwa jina lake la Kiwelisi, kisha onyesha ulivyolitatua na ulichopoteza kimaana. Maana hupotea kila mara. Mwanafunzi anayedai hakupoteza kitu huwa hajatazama.

Tafsiri ya englyn iweke, lakini iwe ya nathari, neno kwa neno. Usijaribu kuifanya shairi.

Ukitaka kuipeleka kwenye mashindano, Eisteddfod ya Urdd ni ya watoto na vijana na hufanyika mwishoni mwa Mei. Ile ya Taifa ni wiki ya kwanza ya Agosti, na tangu 1950 shughuli zake ni kwa Kiwelisi kitupu. Soma orodha ya mada na tarehe ya mwisho miezi mingi kabla. Kazi za uandishi hupelekwa kwa jina la siri, ffugenw. Mwaka 1917, huko Birkenhead, mshindi wa Kiti, tuzo ya ushairi, aliitwa kwa jina la siri Fleur-de-lis na hakuna aliyesimama. Alikuwa Hedd Wyn, aliyeuawa vitani tarehe 31 Julai, na kiti kikafunikwa kitambaa cheusi.

Jina lako halisi lisionekane popote kwenye kurasa za shairi. Ukituma faili, ondoa jina la mwandishi kwenye sifa za hati, kwa sababu programu ya kuandikia hulihifadhi humo bila kukuuliza. Na kabla ya kutuma, soma englyn kwa sauti mbele ya mtu asiyeiona kwenye karatasi, umwombe apige meza kila anaposikia mkazo. Akipiga pasipo na alama kwenye daftari lako, rudi kwenye mshororo huo.